Zamu ya Tamsin Ndani ya Boga

Harrow Creek, Nova Scotia
18 Agosti

Mke mwenzangu Tamsin,

Habari za huko kwenye nchi iliyolala chali? Mama yako hajambo? Sisi huku wazima, ila mume wetu Lemuel amenikimbia. Usishtuke, hajaenda mbali. Yuko nyuma ya banda, kahamia kwa boga. Asubuhi chai yake anainywa hukohuko, jioni analifunika blanketi, tena blanketi langu la maua nililopewa na dada yangu. Jana nimemfumania anaongea nalo. Nikamuuliza, "Lemuel, mimi umeongea nami kwa sauti hiyo lini mara ya mwisho?" Akanijibu, "Wewe hujaongezeka kilo ishirini tangu juzi." Nikamwacha, maana ukimjibu anaendelea.

Weee, Tamsin, boga la mwaka huu! Tumeliita Askofu, kwa sababu ana tumbo kubwa, katulia, anasubiri kuhudumiwa. Mjomba wako Corwin kalala juu yake tupige picha, miguu haikugusa chini. Majirani wanakuja kumwona jioni wakitoka kazini. Babu yako anawaonyesha kwa mbali, eti wasimpumulie.

Sasa sikiliza. Tarehe tano Oktoba Askofu anakwenda kwenye mizani. Baada ya hapo, Jumapili ya wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, anakatwa mdomo, anatolewa nyama, anakuwa chombo, anaingia ziwani kwenye mashindano. Na unajua desturi ya nyumba hii: mtoto wa ukoo wetu wa Rafuse akitimiza miaka kumi na mitatu, boga la mwaka huo ni lake, analipiga kasia mwenyewe kutoka gati mpaka ng'ambo. Corwin alivuka, watoto wa Corwin wakavuka, na mwaka huu hakuna mwingine ila wewe. Babu yako ameshakuchongea kasia. Fupi, la kukutosha, na jina lako kaliandika kwa msumari wa moto. Kakosea herufi moja, usimwambie.

Mwambie mama yako anipe tarehe ya kufika ili nitandike vitanda. Uniandikie kwa barua, simu siisikii vizuri na wewe unaongea mbiombio kama umefukuzwa. Jamani, nina hamu na wewe mpaka napika chakula cha watu wengi halafu tunakula siku tatu.

Bibi yako,
Eudora


Wexley, Saskatchewan
2 Septemba

Bibi mpenzi, shikamoo,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, yuko zamu ya asubuhi hospitali wiki nzima, kwa hiyo analala saa mbili usiku na mimi nanong'ona na paka. Shule imefunguliwa. Mwalimu mpya wa hesabu ana ndevu nyekundu mpaka kifuani. Huku bado ni tambarare, hawajabadilisha. Mtu akija kukutembelea unamwona toka mbali, unapata muda wa kufagia, kuoga na kupika wali.

Jumamosi tulikwenda shamba la jirani kuangalia ngano inavunwa. Wametupandisha kwenye ile mashine yao kubwa, Mama mbele na mimi nyuma ya kiti, vumbi mpaka masikioni. Tulipokuwa tunarudi na gari, korongo wakashuka shambani, Bibi, wengi hao, kelele zao utadhani harusi. Mama akasimamisha gari tukakaa tu kuwatazama tunakula sandwichi. Ilikuwa siku nzuri sana. Lakini hakuna ziwa.

BIBI, NIMEPATA ILE PICHA YA ASKOFU. Nimepiga ukelele mpaka paka akaingia chini ya kochi. Hilo ni langu? Lote? Nimeipeleka shule, watoto wakasema nadanganya, hakuna watu wanaovuka maji ndani ya boga. Nikawaambia basi ninyi mnaishi wapi. Nimeshaanza mazoezi. Naingia ndani ya kapu kubwa la nguo chafu, nakaa, napiga kasia kwa ufagio sebuleni kutoka kochi mpaka jiko. Juzi Mama amerudi akanikuta hivyo, akacheka mpaka akakaa chini na koti lake. Nikamwambia, "Najiandaa kwa Askofu." Bibi, kicheko kilikatika palepale. Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nikimuuliza tunaondoka lini, anasema, "Tutaona." Nikimuuliza tena, anasema, "Tutaona, Tamsin," kwa sauti ya chini. Wewe unaijua ile sauti.

Kuna nini? Kila mwaka Oktoba tulipokuwa tunaishi hapo, Mama alikuwa anapata mafua siku ya mashindano, au zamu, au jino. Nilikuwa nadhani ni bahati mbaya. Ukiniambia sitasema umeniambia wewe.

Mjukuu wako,
Tamsin


Harrow Creek
12 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba sana. Barua yako imefika imeloa pembeni, lakini imesomeka. Nimemsomea Babu yako ile ya kapu la nguo, amecheka akakohoa, akasema unashika kasia vibaya. Nikamwambia umemwona wapi? Akasema, "Rafuse wote wanalishika vibaya mwanzoni."

Jumamosi ilikuwa ya matufaha. Tulikwenda wote, pikapu mbili, ngazi, ndoo, mbwa na themosi za kahawa. Mwaka huu matawi yameinama mpaka chini. Watoto wa Corwin wakapanda juu kurushiana mabovu. Moja likampata Babu yako kisogoni, akageuka akanishika mimi! Mchana tukakamua maji ya matufaha kwenye ile mashine ya mkono, nyigu wakaja kama wameitwa, na Babu yako akakimbia. Mtu wa miaka sabini na miwili, alikimbia vizuri sana. Majani yameanza kuwa mekundu upande wa kilima. Wewe na mimi tungekuwa tumekaa kwenye ngazi tunatukana watu.

Jioni majirani wakaja kula pai. Babu yako akaanza na hadithi zake za mashindano, maana unajua yeye ndiye mtangazaji, kile kipaza sauti wakimnyang'anya atakufa. Watu wakacheka.

Mizani ni tarehe tano. Usiku umeanza kuwa baridi, kwa hiyo Askofu sasa ana blanketi mbili na mimi nina shuka.

Kuhusu mama yako, kazi ya hospitali inachosha, mpenzi wangu. Mtu akichoka haongei. Vaa soksi nzito, huko nasikia upepo hauna adabu.

Bibi yako,
Eudora


Wexley
22 Septemba

Bibi, shikamoo,

Hatujambo wote. Paka ana mimba, ndiyo habari ya nyumbani. Soksi nimevaa.

Jana Mama aliamka na furaha, akasema leo tunatoka, tukaenda kwenye lile shamba la mahindi lililokatwa vichochoro, unaingia huku unatafuta pa kutokea. Wanakupa ramani mlangoni. Mama akaikataa. Kasema, "Sisi watu wa Nova Scotia tunafuata pua." Basi pua ya Mama ni mbovu, Bibi. Tulizunguka mpaka tukawa tunasalimiana na watu walewale. Mtoto mdogo sana akatuuliza, "Bado mko humu?" Sina mbavu! Mwishoni tukakaa juu ya marobota ya majani makavu, tukafungua pai, mahindi yamesimama pande zote, hakuna anayetuona. Ndipo nikamwambia, "Mama, sitakuuliza tarehe. Niambie tu boga limekukosea nini."

Akaiweka pai kando. Halafu akaanza kunisimulia, na nimeamua kukuandikia kama alivyosema.

Mwaka wake, alipotimiza kumi na mitatu, kreni ya kubebea maboga ilichelewa. Babu akachoka kusubiri, akalikatia boga uani nyumbani. Nikamwambia Mama, kwa hiyo? Akanitazama. "Wewe kweli ni mtoto wa Rafuse?" Akaniambia boga hukati kwanza. Unaliweka majini zima, linajizungusha lenyewe mpaka tumbo zito linakaa chini, halafu unaweka alama ile sehemu iliyobaki juu, na hapo ndipo unakata mdomo. Ukikata nchi kavu unabahatisha tu. Ukikosea, boga likiingia majini linataka kugeuka upande wake, na wewe umo ndani.

Mama alihisi toka gatini kwamba linamvuta. Akapiga kasia hivyohivyo, limeinama, mpaka katikati ya ziwa. Hapo likageuka likammwaga. Anasema baridi ilimkamata kifua akashindwa hata kulia. Walipomtoa akamwambia Babu, "Linavuta upande." Na Babu akasema mbele ya watu wote, "Umeegemea, Joslyn."

Halafu mwaka uliofuata Babu akaisema kwenye kipaza sauti. "Mwanangu Joslyn, aliyekwenda kuwasalimia samaki bila kuvua kofia!" Watu hoi. Na mwaka mwingine, na mwingine, mpaka na mimi nimewahi kuicheka. Mama akasema, "Na mimi nacheka nao, Tamsin. Miaka yote hiyo kabla hujazaliwa nasimama pale ufukoni nacheka nao mpaka mashavu yananiuma. Nyumbani natamani kwenda. Ila pale ufukoni sisimami tena kusikiliza."

Bibi, nilikasirika! Nilitaka kupiga kelele humo ndani ya mahindi. Wewe unajua nimelitamani hilo boga toka nikiwa naogopa mbwa. Lakini nikienda nikavuka mimi, huku Babu anamchekesha mtu kwa kuzama kwa mama yangu, hiyo itakuwa sherehe gani? Na bila Mama siwezi kuja, na Mama hajasema ndiyo.

Ni kweli au si kweli? Nijibu hilo. Usiniambie habari za soksi.

Tamsin


Harrow Creek
30 Septemba

Tamsin wangu,

Sisi wazima. Salamu zitatosha hapo.

Mwaka ule siku ya kukata mimi nilikuwa kwa dada yangu, amejifungua. Nilirudi nikakuta boga limeshakatwa na watu wanashangilia, sikuuliza limekatiwa wapi. Kwa hiyo jana nimeuliza. Nimengoja Babu yako amalize supu, nikamwondolea na mkate ili asijifiche nyuma yake, nikamwambia, "Lemuel, boga la Joslyn uliliweka majini kwanza?"

Alitazama dirishani. Nikadhani hajasikia, kumbe mimi ndiye kiziwi hapa ndani. Nikarudia kwa sauti, mbwa akatoka nje. Babu yako akasema, "Kreni ilichelewa." Basi. Akavaa kofia akaenda kukaa na Askofu mpaka mvua ikaanza, na mvua ilipoanza hakuingia.

Nimekasirika, Tamsin. Nimecheka ile hadithi kila Oktoba na pai nikawagawia. Nimemwambia ampigie mama yako simu, amwombe radhi kama mtu mzima. Akapiga, nikasimama mlangoni nikisikiliza. Aliongea habari za umande kuganda. Halafu bei ya mbolea. Halafu akasema, "Haya, Joslyn, msalimie mtoto," akakata. Nikamwuliza, "Ndiyo hiyo radhi?" Akasema haikupatikana nafasi.

Ukweli mwingine mchungu huu hapa. Boga halisubiri mwaka mwingine. Baada ya Shukrani ni la nguruwe. Wenye mashindano wanataka jina la mpigaji kasia kabla ya Jumamosi ya kukata, na mtoto wa jirani, Gideon, ameshakuja mara mbili kulitazama huku kashika mikono nyuma kama mnunuzi. Babu yako amemfukuza. Mimi jina lako nimeliandika kwa wino. Kama hamji, watalifuta wenyewe, mimi mkono wangu hautalifuta.

Bibi yako,
Eudora


Wexley
3 Oktoba

BIBI!!!

Shikamoo, hatujambo, TUNAKUJA!

Sijapata jibu lako bado, posta hii inatembea kwa magoti, na hii yenyewe sijui kama itanitangulia. Mjomba Corwin ameshapigiwa simu aje kutuchukua uwanja wa ndege. Tunafika Ijumaa jioni. Wewe andaa tu!

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeacha kabisa kumuuliza. Mazoezi nikawa nayafanya chumbani, mlango umefungwa, ufagio nimeufunga soksi usigonge sakafu. Jana Mama akafungua mlango kutafuta taulo. Nikaganda ndani ya kapu. Akasimama akauangalia ule ufagio wenye soksi, kwa muda mrefu. Akasema, "Unapiga kasia kimyakimya ili nisikusikie?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi sikulea mtoto wa kujificha," akaenda kwenye simu, akabadilishana zamu na watu wawili, akarudi akaniambia nitoe sanduku juu ya kabati. Nilimrukia, tukaanguka wote kitandani, paka akatutazama kama wapumbavu.

Ila ana sharti lake, na ameniapisha nikuandikie. Atakuja nyumbani, atalala, atapika, atamsalimia kila mtu. Ziwani haendi. Jumapili atabaki jikoni na bata mzinga, na asije mtu akambembeleza. Nimekubali. Nitavuka, halafu nitakimbia nyumbani kumsimulia.

Bibi, usiku silali. Nikifumba macho nasikia maji.

Tamsin, mpiga kasia


Wexley
20 Oktoba

Bibi mpenzi, shikamoo,

Tumefika salama. Paka amezaa watoto wanne ndani ya kapu la nguo, kwa hiyo kapu ndiyo basi tena. Mkono wangu wa kulia bado unauma na siutaki upone.

Barua yako ya tarehe thelathini tumeikuta sandukuni! Ilitupita angani. Nimemsomea Mama jikoni. Nilipofika pale kwenye mbolea alicheka akalalia meza. Pale kwenye "kreni ilichelewa" hakucheka, akaomba aisome mwenyewe.

Sasa, Bibi, mimi nilikuwa majini na wewe ulikuwa nchi kavu, na kila mtu siku ile aliongea kwa wakati mmoja na mdomo umejaa. Nitakupa yangu, na wewe unipe yako.

Jumamosi nilikuwepo Babu akimtia Askofu majini. Kreni ilimshusha taratibu, Askofu akajizungusha, akapumua, akakaa. Babu akaweka alama. Halafu akasema atolewe tena. Mwenye kreni akauliza kwa nini, Babu akasema, "Mteremshe upya." Wakamteremsha upya, akakaa vilevile. Babu hakuniangalia, lakini alisema, "Hapo ndipo pake." Ndipo akaniruhusu nishike kisu.

Jumapili nilipoingia ndani, Bibi, harufu! Kama mtu amekufunika na supu mbichi. Nimepiga magoti, maji yako karibu na mkono, jaketi la kuelea linanikaba. Bunduki ya kuanzisha mashindano ikalia. Hakuna anayekwambia kwamba boga haliendi mbele, linazunguka! Nikapiga kulia likazunguka kushoto, nikapiga kushoto likaniuliza unataka nini. Gideon ndani ya boga dogo la baba yake akanipita kinyumenyume. Halafu nikakumbuka Babu alivyonionyesha, unachimba maji mbele yako na kuyavuta tumboni. Likaanza kwenda. Likaenda kweli! Nilikuwa nalia na kucheka na kumtukana Gideon.

Nilipofika katikati nikasikia watu ufukoni wanaanza kucheka, nikajua Babu amefikia ile hadithi. Nikapiga kasia kwa hasira. Halafu kicheko kikazimika ghafla. Watu wote wale, kimya. Nikadhani mtu amezama. Nikageuka kuangalia, karibu nipinduke, nikaona gati tu na kofia.

Nilifika wa sita. Kati ya saba, lakini NILIFIKA, niliugusa ule mti wa ng'ambo kwa mkono wangu huu. Wakanirudisha kwa mtumbwi, Askofu anavutwa kwa kamba nyuma. Wakanipeleka hemani moja kwa moja kwa sababu midomo ilikuwa ya buluu, wakanipa kakao na blanketi, na mama mmoja akawa ananisugua miguu hanisikilizi nikimwambia nataka kutoka. Niko humo nasikia kelele kubwa nje, watu wanapiga makofi, wanaita jina la Babu. Nilipotoroka, nikamkuta Babu yumo ndani ya taulo anatetemeka, Mama ana aproni ya jikoni na kaloa mpaka kiunoni, na wewe unapenga kamasi. Nikauliza kuna nini. Mama akasema, "Bibi atakwambia, mimi nikianza nalia." Jumatatu alfajiri tukaondoka.

Haya, mke mwenza. Mama yangu alikuwa jikoni. Alifikaje ziwani?

Tamsin


Harrow Creek
29 Oktoba

Mke mwenzangu, mvukaji,

Marahaba, na hongera ya paka. Sisi wazima. Askofu ameliwa na nguruwe wa Corwin, wamenenepa. Babu yako alipata mafua makubwa, nikamlaza, nikamrudishia blanketi langu la maua lenye matope. Mbegu anazikausha dirishani na hataki nizifagie. Majani yameisha kwenye miti, jana tumeyakusanya uani na watoto wa Corwin wakayarukia yote upya.

Sasa yangu hii hapa.

Bunduki ilipolia, mimi nilikuwa chini kabisa karibu na gati, nimekukodolea macho hata kupepesa nimesahau. Mtu akanigusa kiwiko. Nageuka, Joslyn! Koti juu ya aproni, mikono ina unga na vitunguu. Akaniambia, "Nimemwacha ndege kwenye oveni. Naangalia tu kama limekaa sawa majini, halafu narudi." Ningesema neno angeondoka. Tukashikana mikono, unga ukaniingia hata kwenye glavu. Kila ulipozunguka alikuwa ananong'ona, "Vuta tumboni, vuta tumboni."

Babu yako hakumwona. Yeye alikuwa mwisho wa gati na kipaza sauti chake, anawatangaza. Ulipofika katikati akasema, "Hapo ndipo mwanangu Joslyn," na watu wakaanza kucheka hata kabla hajamaliza, maana wanaijua kwa moyo. Mkono wa mama yako ukalegea ndani ya wangu. Akageuka kuondoka.

Babu yako akasema, "Ngojeni." Wakaendelea kucheka. Akasema tena, "Nimesema ngojeni!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa na ng'ombe. Wakanyamaza. Ndicho kile kimya ulichokisikia.

Akasema, "Boga la Joslyn nililikata mimi, uani, halijagusa maji. Nilichoka kusubiri kreni. Lingemmwaga mtu yeyote, lingenimwaga mimi. Aliniambia linavuta upande, nikamwambia ameegemea. Hakuegemea. Amelipeleka boga bovu mpaka katikati ya ziwa peke yake, ana miaka kumi na mitatu, na mimi mpaka leo sijui alifikaje pale." Halafu akasahau kuzima kile chombo, tukawa tunamsikia anahema.

Mama yako hakuondoka. Akaniachia mkono, akashuka gatini, watu wanampisha. Babu yako alipomwona alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtangazaji huyo! Wakati huohuo mtumbwi unaleta Askofu, na wewe wanakukimbiza hemani. Joslyn akaishika kamba ya Askofu. Akamwambia baba yake, "Ingia."

"Wapi?"

"Humo ndani."

"Joslyn, mimi nina miaka sabini na miwili."

"Na mimi nilikuwa na kumi na mitatu. Ingia, Baba."

Unajua, Tamsin, kwamba babu yako hajawahi kupanda boga? Ameyakuza maisha yake yote, ameyakata, amewatumbukiza watoto na wajukuu, amewatangaza, yeye hajawahi. Corwin akamvalisha jaketi la kuelea, akamfunga na vifungo kama mtoto. Akaingia. Watu wakapiga makofi na kuita jina lake, ndizo zile kelele. Joslyn akaingia majini na viatu vyake, na aproni yake, katika baridi ile, akasukuma.

Nilikuwa nimesimama ukingoni, wako karibu, kwa hiyo nilisikia. Askofu alianza kuyumba, maji yakamwagikia babu yako mapajani. Babu yako akaliachia kasia, akashika mdomo wa boga kwa mikono miwili, na uso umekuwa mweupe. Akasema, "Joslyn, usiniachie."

Mama yako akamwambia, "Wewe uliniachia."

Akasema, "Ndiyo. Nilikuachia."

Kwa mkono mmoja mama yako akamshika baba yake, kwa mwingine akalishika boga, akaenda naye mpaka maji yakamfika kiunoni, akamgeuza polepole, akamrudisha nchi kavu.

Bibi yako akupendaye,
Eudora